Jogoo wa Jirani Yumo Ndani ya Hit: Besi Iliyopigwa Chumbani ni Mali ya Nani?

Wadau wamegawanyika pande mbili, na kama kawaida kila upande umeshika simu na hauachii. Upande mmoja unasema mpiga besi mmoja wa Tabata, jina kapuni, kaibiwa mchana kweupe. Upande wa pili unasema jamaa anatafuta kiki kwenye mgongo wa wimbo wa watu. Wimbo wenyewe kila mtu anaujua, maana ndio huo unaotikisa vioo vya bajaji kuanzia Buguruni mpaka Segerea. Mwimbaji hatatajwa hapa, prodyuza naye hatatajwa, kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea na hakuna anayetaka kuletewa barua ya wakili. Ila kuna sentensi moja kwenye huu ugomvi ambayo haifai kupita hivi hivi. Ni ile ya prodyuza: “Dogo, ulikuwa unabahatisha tu pale.”

Kwanza huyu jamaa ni nani, maana kuna watu wameshaanza kusema ni msanii aliyefulia. Hapana. Hajawahi kuwa msanii wa kufulia. Ni fundi AC. Besi aliijulia kwenye kwaya akiwa kidato cha pili, akanunua gitaa la mtumba lenye mkwaruzo mgongoni, na tangu hapo hajawahi kulipwa hata shilingi mia kwa kulipiga. Hana bendi. Hajawahi kupanda jukwaani nje ya kanisa. Anachofanya ni kurekodi chumbani kwake alfajiri, mara mbili au tatu kwa wiki, kabla hajaenda kazini kupanda ngazi za watu.

Kwa nini alfajiri? Kwa sababu baa ya jirani inazima spika saa tisa usiku na daladala zinaanza kupiga honi saa kumi na mbili. Hapo katikati ndipo kuna dirisha la ukimya, na ndilo analolitumia. Godoro analisimamisha dirishani. Waya mmoja unatoka kwenye gitaa kupitia kikasha kidogo cha sauti mpaka kwenye laptopu. Mbele ya amplifaya kuna ndoo ya rangi ya lita ishirini imepinduliwa, na juu ya ndoo imelala simu, inarekodi hewa ya chumba. Anapiga kofi moja, paa! Halafu anaanza. Lile kofi ndilo anakuja kulitumia baadaye kupanga rekodi mbili zikae sawa: ile ya waya inampa uzito wa besi, ile ya simu inampa chumba. Mtu aliyejifunza hayo mwenyewe, bila kozi, bila mtu wa kumwelekeza, kwa kukosea miezi na miezi.

Na anachopiga hakijaandikwa popote. Anajiwekea sharti moja tu la siku hiyo. Leo uzi mmoja tu, nyuzi nyingine haziguswi. Kesho haruhusiwi kurudia kitu alichokipiga jana. Keshokutwa mvua inanyesha, basi anapiga kwa kufuata bati. Ukisikia rekodi nzima, ukweli usemwe, kuna sehemu zinachosha. Rekodi iliyozaa huu ugomvi ina dakika 41, na dakika 15 za kwanza ni mtu anatafuta kitasa cha mlango gizani. Lakini dakika ya 26 anakipata.

Hapo ndipo inabidi kwenda taratibu, maana wengi wa wanaosema “ni noti nne tu” hawajui kilichotokea.

Nyumba aliyopanga haijafungwa ethi, kwa hiyo amplifaya yake inanguruma. Ule mvumo wa mmm unaousikia ukichomeka spika ya bei rahisi. Umeme wa kwetu unatetema mara 50 kwa sekunde, na mvumo unafuata hapo hapo. Sasa besi ukiishika freti ya tatu kwenye uzi mnene kuliko yote unapata noti ya G, na hiyo G inatetema mara 49 kwa sekunde. Tofauti ni moja. Sauti mbili zikikaribiana hivyo haziungani wala haziachani, zinaanza kupumua: zinajaa, zinapungua, zinajaa, zinapungua, karibu mara moja kwa kila sekunde. Mtu mwingine angesikia uchafu. Angeita fundi, au angetafuta programu ya kufuta kelele. Huyu alinyamaza, akausikiliza ule mvumo unavyopumua, kisha akaanza kupanga noti zake nne kwenye mapafu yake. Moja inaingia wimbi likijaa. Nyingine anaichelewesha mpaka wimbi likatike. Halafu nafasi tupu. Halafu anateleza kidole kurudi kwenye G.

Sasa sikiliza hit yenu. Inakwenda mapigo kama 120 kwa dakika. Wimbi la chumbani ni mara 60 kwa dakika. Prodyuza alichofanya ni kuzidisha kwa mbili na kuweka ngoma juu. Kasi ya wimbo mnaouchezea ilichaguliwa alfajiri na fundi AC aliyekaa kwenye stuli, akisikiliza umeme.

Hiyo ndiyo kubahatisha?

Klipu ya dakika moja na nusu ya ile rekodi aliiposti kama kawaida yake, bila maelezo, bila jina, kikapicha cha ndoo na simu. Laiki zikawa chache, komenti zikawa zile zile: “weka biti kaka”, “tafuta msanii akuimbie”, “mbona haisikiki?” Hiyo ya kutosikika ina sababu yake. Spika ya simu ni ndogo kama kucha, sauti nzito za chini haiwezi kuzitoa. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde. Kwenye simu unachosikia ni vivuli vya juu vya hiyo noti, na ubongo unakusaidia kujazia kilichopungua. Kwa hiyo nusu ya watu wanaotoa hukumu kwenye hili sakata hawajawahi kuisikia besi yenyewe. Wameusikia mkwaruzo wa kidole. Wakienda kuisikia kwenye bajaji yenye spika kubwa nyuma ya siti, wanasema ngoma kali, prodyuza ni noma.

Na ni kwenye bajaji ndipo mambo yalipobumbuluka. Mchumba wake alikuwa kituoni anasubiri usafiri, ikapita bajaji, akaganda. Akapiga simu pale pale: “Bebi, kuna bajaji inapiga chumba chetu.”

Jamaa akadhani utani. Usiku akausikiliza wimbo kwa hedifoni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Sekunde nane za dakika ya 27 zimekatwa na kufanywa lupu inayozunguka mwanzo mpaka mwisho. Na kwenye lupu, nyuma kabisa, mwisho wa sekunde ya saba, kuna jogoo. Jogoo wa jirani, yule yule aliyeingia kwenye simu iliyolala juu ya ndoo. Kwenye kiitikio ngoma zinamfunika. Kwenye utangulizi na pale katikati mwimbaji anaponyamaza, yupo, anawika kila baada ya sekunde nane kama amelipwa. Prodyuza alishindwa kumtoa kwa sababu jogoo na mkwaruzo wa kidole wanakaa sehemu moja ya sauti. Ukimchinja jogoo, unamkata mpiga besi vidole.

Jamaa akaenda inboksi kwa adabu zote. “Heshima yako kaka. Hii besi ni yangu, naomba tuzungumze.” Majibu yakaja ya aina tatu kwa mpigo. Kwanza: hamna wimbo pale, wimbo nimeufanya mimi. Pili: ulikuwa unabahatisha tu. Tatu: nitakutumia laki mbili ya soda, yaishe.

Hiyo ya kwanza ina ukweli ndani yake na haifai kukataliwa kwa jazba. Ni kweli wimbo kaufanya prodyuza. Mtu aliyesikia kipande cha sekunde nane ndani ya klipu ambayo wenzake walipita bila kusimama, akaona pale kuna hit, ana masikio. Kapewa sifa zake na anazistahili. Lakini kutengeneza chapati hakukufanyi uwe na shamba la ngano. Unalipa unga, ndio unapika.

Ya pili ndiyo inayokera. Eti kitu kilichopigwa papo kwa papo hakina mwenyewe, kwa sababu mwenyewe hakukaa mezani na kalamu. Kwa hesabu hiyo nusu ya muziki tunaojivunia ungekuwa takataka ya kuokota. Waulize wazee wa dansi. Nyimbo za Msondo na Sikinde zina mashairi yaliyotungwa, sawa, lakini wimbo ukifika kwenye chemko, pale magitaa yanapoanza kusemeshana na watu wanavua viatu, nani aliandika? Bendi iliingia studio za RTD nzima nzima, wakapiga pamoja, na kilichotoka kwenye vidole vya mtu siku hiyo ndicho kimebaki mpaka leo. Nenda Zanzibar, mpiga udi anapofungua kwa taksim kabla taarabu haijaanza, anatembea peke yake bila karatasi, na ukumbi mzima unajua ni yeye anayetembea. Hakuna anayesema anabahatisha.

Ukitaka mfano wa mbali, upo. Tarehe 24 Januari 1975 mpiga piano Keith Jarrett alikaa mbele ya watu Cologne, Ujerumani, hana noti hata moja aliyoipanga. Piano aliyowekewa ilikuwa mbovu, besi yake nyembamba, sauti za juu zinagonga kama bati. Akakwepa sehemu mbovu, akakaa katikati, mkono wa kushoto ukawa unazungusha kitu kile kile ili kuziba upungufu wa besi. Rekodi yake ikauza mamilioni ya nakala, na miaka baadaye ikaandikwa noti kwa noti na kuchapishwa kitabu ili wengine waipige. Muziki ulianza kuwepo, karatasi ikaja nyuma. Chombo kibovu ndicho kilichomlazimisha apige vile, kama ule mvumo wa Tabata.

Wapiga besi na wapiga ngoma wamelizwa sana na hii kauli, na si Bongo tu. Mwaka 1972 Lou Reed alirekodi Walk on the Wild Side. Ule mstari wa besi unaoutambua kabla hata hajaimba aliubuni mpiga besi wa kukodiwa, Herbie Flowers, aliyepiga besi mbili, moja juu ya nyingine. Akalipwa ujira wa kikao mara mbili kwa sababu ya vyombo viwili, akaenda nyumbani. Mwaka 1990 kundi la A Tribe Called Quest wakaichukua ile besi kwa wimbo wao Can I Kick It?, na pesa zikaenda kwa Lou Reed. Kuna na ya ngoma, hii inauma zaidi: mwaka 1969 Gregory Coleman wa The Winstons alipiga ngoma peke yake kwa sekunde kama 7 katikati ya wimbo. Zile sekunde zikaja kutumika kwenye maelfu ya nyimbo, hip hop, jungle, matangazo, kila kitu. Coleman alikufa 2006 akiwa fukara. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alikuja kuchangiwa na wapenzi wa muziki mtandaoni mwaka 2015, zikapatikana pauni elfu 24. Mchango, sio malipo.

Kwa hiyo mtu akikwambia “ni sekunde nane tu”, mwambie historia inajua sekunde saba zinaweza kufanya nini.

Upo upande wa pili, na una watu wa maana. Wanasema muziki wa mtaa umejengwa kwa kuchukuana. Singeli isingekuwepo kama madogo wa Tandale na Manzese wangesubiri ruhusa kabla ya kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Dogo mwenye laptopu ya kuazima atampata wapi wakili? Ni hoja nzito, na kweli ukibana sana utaua vitu vizuri kabla havijazaliwa. Ila huku hakuna dogo wa laptopu ya kuazima. Huku kuna wimbo wenye video ya kulipiwa, wenye udhamini, unaopigwa redio zote. Na huyo aliyechukuliwa sio bendi iliyosambaratika ambayo hujui pa kuipata. Ni mtu aliye hai, yuko mtandaoni, anajibu inboksi. Prodyuza alikuwa anamfuata. Aliilaiki ile klipu! Kuomba ruhusa kulikuwa kunahitaji ujumbe mmoja na MB kidogo sana.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na jina lake lenyewe lina maneno mawili kwa sababu. Hakimiliki ni ya kazi iliyobuniwa. Hakishiriki ni ya wanaoipiga, wanaoirekodi na wanaoirusha hewani. Hata ukibisha mpaka kesho kwamba zile noti nne si utunzi, bado kuna kitu cha pili: sauti yenyewe iliyorekodiwa, mtu aliyeipiga, chumba alichoirekodia. Prodyuza hakukaa chini akapiga upya zile noti kwa mkono wake. Kama angefanya hivyo, mjadala ungekuwa mwingine kabisa, pengine mgumu zaidi. Alishusha klipu, akakata, akabandika. Kila lupu ikizunguka ni vidole vya mtu mmoja vinazunguka, na kuku wake. Samahani, kuku wa jirani.

Jamaa naye asifanywe malaika. Alisikia wimbo, akakaa wiki tano anauguza moyo bila kuandika neno, wakati wimbo unapanda. Anaposti bila jina lake popote, kama mtu anayetupa nguo juu ya kamba ya jirani na kutegemea atarudishiwa. Mbaya zaidi, ana tabia ya kufuta rekodi ndefu kila simu ikijaa. Hii ya dakika 41 imepona kwa bahati, kwa sababu rekodi ya waya ilikuwa laptopu na ile ya simu alishaihamisha ili azipange kwa lile kofi. Angeifuta, leo angekuwa na klipu tu, na prodyuza ana klipu hiyo hiyo. Faili zima, lenye tarehe, lenye dakika 15 za kupapasa gizani, ndilo linaloonyesha zile noti zilitoka wapi na zilitafutwaje. Kile kipande kibovu ambacho hakuna mtu angekisikiliza ndicho ushahidi wenyewe.

Kuhusu laki mbili, nyumbani kwake hawakubaliani. Mchumba wake, ambaye ndiye aliyegundua yote, anasema achukue. Kodi inakaribia, miezi mitatu, na mwenye nyumba hapokei heshima. Ni rahisi kumcheka ukiwa kwenye komenti na kodi yako imelipwa. Ila laki mbili ya “soda” sio malipo ya kazi, ni malipo ya kunyamaza, na ukishaipokea bila maandishi utakuwa umeuza kitu ambacho hujui bei yake. Kama anazitaka, azichukue kama sehemu ya kwanza, karatasi iandikwe, asilimia itajwe hata ikiwa ndogo, na jina liingie. Prodyuza hapungukiwi. Wimbo utabaki wake, na mwimbaji atabaki mwimbaji.

Jamaa mwenyewe inasemekana suala la pesa halimnyimi usingizi kama lile neno. Amewaambia washkaji zake anaweza kuishi bila laki mbili, lakini tangu aambiwe anabahatisha, akikaa kwenye stuli mkono unasita. Anaanza kujiuliza kila noti kama ina sababu. Kwa mtu anayepiga papo kwa papo hiyo ni sumu, kwa sababu muziki wa aina hii unataka kwanza uthubutu kupiga, sababu uje uzikute mbele. Wiki mbili sasa godoro liko kitandani na ndoo imerudi kuchota maji.

Ujumbe wake wa mwisho kwa prodyuza umesomwa, tiki mbili za bluu, kimya. Video inazidi kupanda. Chini yake kwenye maelezo kuna jina la mwimbaji, la prodyuza, la mwandishi wa mashairi, la mpiga picha, la aliyewavalisha, la aliyewasuka, na la duka lililotoa viatu.